Dume wa njano, jike mweusi: usimpange kipepeo kwa rangi yake

Mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, ameniletea swali. Kijana wake wa miaka kumi na mmoja amepewa kazi ya shule: akusanye vipepeo na kuwapanga katika makundi kufuatana na rangi. Jumapili iliyopita, kando ya mlimau ulio nyuma ya nyumba, mtoto aliwakuta vipepeo wawili wameunganika kwa ncha za matumbo yao. Mmoja alikuwa wa njano mwenye mikia, mwingine mweusi kwa mweupe asiye na mkia. Jirani akasema hizo ni aina mbili zilizokoseana. Mama anauliza: "Aina mbili za vipepeo zinaweza kuzaana? Na kama rangi haitoshi, wataalamu wanawapangaje, na wako wangapi?"

Aksanti kwa swali, mama, na mpe kijana pongezi zangu. Nimeikuza picha yako kwenye simu mpaka ikaanza kuvunjika, na nimeridhika. Hao wawili ni dume na jike wa spishi moja, yaani aina moja ya kiumbe, iitwayo Papilio dardanus. Dume ni yule wa njano iliyopauka kama siagi, mwenye kingo nyeusi na mkia mmoja kwenye kila bawa la nyuma. Jike ni yule mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Hawakukoseana hata kidogo. Kijana wako ameona jambo lililowagombanisha wataalamu wa Ulaya miaka mia moja na hamsini iliyopita, na ninaanzia hapo kwa sababu kisa hicho kinajibu nusu ya swali lako.

Wakati ule wasomi wa Uingereza walikuwa na makabati yaliyojaa vipepeo waliokaushwa, waliotoka Afrika kwa meli. Waliwapanga kwa sura, kama mwalimu alivyowaagiza watoto. Dume wa njano alikuwa na jina lake la kisayansi. Weusi kwa weupe walikuwa na jina jingine, wa rangi ya chungwa jina la tatu, na kuna waliopewa la nne. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Cape Town na kuwaona wadudu hawa wakiwa hai, alichapisha hoja kwamba wote hao ni wa spishi moja. Alikuwa ametambua kwamba wa njano wenye mikia ni madume matupu, na hao wengine ni majike matupu. William Hewitson, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa vipepeo Uingereza, alikataa katakata. Kisha mtu aliyekuwa akimkusanyia wadudu katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko na ni sehemu ya Guinea ya Ikweta, akampelekea dume wa njano na jike mweusi waliokamatwa wakiwa wameunganika. Mwaka 1874 Hewitson mwenyewe aliliandika jambo hilo. Makabati yote yale yalishindwa na jozi moja, kama ile ya kwenye mlimau wa Bagira.

Utauliza kwa nini jike asifanane na mumewe. Jibu liko kwa ndege. Katika misitu yetu yuko kipepeo mwingine, Amauris niavius, mweusi kwa mweupe, ambaye mwili wake una sumu inayotokana na mimea. Ndege akimwonja mara moja hamsahau. Jike wa Papilio dardanus hana sumu hiyo, ila amevaa nguo ya mwenye sumu, na ndege wanampisha. Majike wengine wa spishi hiyo hiyo wamevaa nguo ya Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ambaye sote tunamwona kando ya barabara akiruka polepole kama asiye na adui. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kutaga mayai, na binti zake wakatoka na sura mbili tofauti. Kugawana sura kuna faida yake: waigaji wakizidi idadi ya wenye sumu, ndege watawaonja wengi wasio na sumu na watajifunza kwamba nguo ile haina maana. Mwingereza Henry Bates ndiye aliyeeleza uigaji wa namna hii kwa mara ya kwanza, mwaka 1862, baada ya miaka yake katika bonde la Amazon. Kule Madagaska, majike wa jamii hii wanafanana na madume yao, kwa njano na kwa mikia.

Hapa niongeze jambo moja ambalo wewe kama mama utalipenda. Daktari wa Liverpool, Cyril Clarke, pamoja na mwenzake Philip Sheppard, waliwazalisha vipepeo hawa kwa mkono ili kujua sura za majike zinarithiwaje. Fikra walizozipata katika kazi hiyo ya urithi ziliwaingiza katika utafiti wa makundi ya damu ya binadamu, na Clarke akawa mmoja wa walioleta sindano ya anti-D, ile wanayochomwa akina mama wenye damu ya aina ya rhesus hasi ili mtoto anayefuata asiharibiwe damu tumboni. Mtu akikwambia kusoma vipepeo ni kupoteza wakati, mweleze hilo.

Sasa twende kwenye kupanga. Rangi ni nguo, na nguo huazimwa. Ninachomwomba kijana wako ni ahesabu miguu.

Kila mdudu ana miguu sita, lakini katika familia kubwa kuliko zote za vipepeo, Nymphalidae, miguu miwili ya mbele imepungua ikawa kama vibrashi vidogo vilivyokunjwa chini ya kichwa. Hawatembei nayo. Ukimtazama ametua ukutani, utahesabu minne tu. Amauris na Danaus wamo katika familia hiyo. Papilio dardanus yumo katika familia ya Papilionidae, na wao husimama kwa miguu yote sita. Basi mweke jike yule mweusi kando ya Amauris aliyemwiga: mabawa yanafanana mpaka macho yanachoka, lakini mmoja ana miguu minne na mwingine sita. Ndege hana muda wa kuhesabu miguu. Mtoto anao.

Mwanzo wa mpangilio huu ni Msweden Carl Linnaeus. Toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, la mwaka 1758, ndilo tunalolihesabu kama mwanzo wa majina ya wanyama yenye sehemu mbili: kwanza jenasi, kisha spishi. Yeye aliwatia vipepeo wote wa mchana katika jenasi moja tu, Papilio. Waliomfuata wakagawa na kugawa tena. Alama ya mgawanyo huo bado inaonekana kwenye maandishi, na inawasumbua wanafunzi wangu kila mwaka. Ukiona Danaus chrysippus (Linnaeus, 1758), mabano yanakwambia kwamba Linnaeus alimpa jina katika jenasi nyingine na baadaye akahamishwa. Ukiona Papilio dardanus Brown, 1776, bila mabano, huyo hajahama nyumba tangu alipopewa jina.

Juu ya jenasi ipo familia, na juu ya familia ipo oda. Oda ya vipepeo na nondo inaitwa Lepidoptera, maneno ya Kigiriki yenye maana ya mabawa ya magamba. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo ni magamba hayo, yamepangwa kama vigae vya paa. Leo vipepeo wako katika familia saba. Papilionidae na Nymphalidae nimezitaja. Pieridae ni wale weupe na wa njano wanaokusanyika kwa makumi kwenye tope la njia mvua ikikatika, wakinyonya chumvi. Hesperiidae wana miili minene, vichwa vipana, na vipapasio ambavyo ncha zake zimepinda kama ndoana. Wanaruka kwa kushtukashtuka mpaka wengi huwadhania nondo. Riodinidae wako wachache sana Afrika, wengi wao wako Amerika. Hedylidae hawako kwetu kabisa. Wako Amerika peke yake, wengi wao huruka usiku, na kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa nondo, mpaka mwaka 1986 Malcolm Scoble alipotoa hoja kwamba ni vipepeo.

Familia ya saba ni Lycaenidae, na hapo lazima nikae kidogo. Ni wadogo, wengi wana buluu au shaba inayong'aa, na wengine wana vimikia vyembamba kama nywele vyenye doa jeusi kando yake. Ukimtazama ametua, huchezesha vimikia hivyo juu na chini, na doa linaonekana kama jicho. Ndege anadonoa "kichwa" ambacho si kichwa, anabaki na kipande cha bawa. Na maisha ya watoto wao ni ya ajabu zaidi. Viwavi wengi wa familia hii hutoa maji matamu, na chungu, yaani sisimizi, huwalinda kama sisi tunavyochunga ng'ombe kwa ajili ya maziwa. Katika jenasi ya Kiafrika iitwayo Lepidochrysops, kiwavi akishakua kidogo huingia ndani ya kiota cha chungu na kula watoto wao. Wengine wa familia hiyo hiyo hapa Afrika hawali jani la mti wala ua. Viwavi wao hula kuvu na ukoga unaoota kwenye magome ya miti. Kata msitu wa zamani wenye magome ya namna hiyo, panda mikaratusi, na hawa wanatoweka bila mtu kujua kwamba walikuwepo.

Hiyo ndiyo sababu nasema kipepeo hutambuliwa vizuri zaidi kupitia utoto wake. Muulize anakula nini, anatagwa wapi, anageuka vipi. Bila shaka umewahi kuona kwenye shamba la viazi vitamu majani yaliyofunikwa utando mwembamba, na chini yake kundi la viwavi wa kijani cheusi wenye miiba laini. Huyo ni Acraea acerata, wa Nymphalidae, na kwetu Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda anaweza kuacha shamba la matembele likiwa vikonyo vitupu. Aliyempa jina ni yule yule Hewitson, na mwaka ni ule ule wa 1874. Kwa wiki mbili hivi za kwanza viwavi hukaa pamoja chini ya utando, kisha hutawanyika na kula usiku. Maana yake kwa mkulima ni kwamba majani yenye utando yachumwe na kuharibiwa mapema. Wakishatawanyika, kazi imekuwa kubwa. Kipepeo mwenyewe ni mdogo, wa rangi ya chungwa mwenye kingo za kahawia iliyokolea. Mtoto akimpanga kwa rangi, atamweka kundi moja na Danaus chrysippus. Kwa miguu, bado familia ni moja. Kwa chakula cha kiwavi, ni mbali kabisa: huyu viazi vitamu, yule mimea yenye utomvu mweupe. Hapo ndipo jenasi zinapoachana.

Rudi sasa kwenye mlimau wako. Tazama majani machanga. Ukiona kiwavi mdogo wa kahawia mwenye baka jeupe, anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege, kwa hapa mjini mara nyingi huyo ni Papilio demodocus, ndugu wa jozi aliyoiona kijana. Akikua anageuka kijani. Mguse taratibu kwa kijiti nyuma ya kichwa: zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali itajaa puani. Kiungo hicho ni alama ya familia ya Papilionidae. Hakuna kipepeo wa familia nyingine mwenye nacho.

Kuhusu vipepeo na nondo, sitaki kijana ajifunze kosa ambalo sisi tulifundishwa, kwamba ni mafungu mawili yaliyo sawa. Nondo ni mti mzima. Vipepeo ni tawi moja la mti huo. Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha DNA ya vipepeo karibu spishi 2,300, na hesabu yao ikaonyesha kwamba tawi hilo lilichipuka miaka milioni 100 iliyopita hivi, huko Amerika. Alama za kutofautisha zipo na zinafaa: vipapasio vya kipepeo vina kirungu mwishoni, vya nondo vingi ni kama uzi au unyoya, vipepeo wengi hukunja mabawa juu ya mgongo, nondo wengi huyalaza, nondo wengi hujifuma kifukofuko, wakati bundo la kipepeo, yaani umbo lake la kati ya kiwavi na mdudu mwenye mabawa, kwa kawaida liko wazi. Lakini kila moja ya hizo ina wanaoivunja.

Na idadi? Lepidoptera waliopewa majina ni kama spishi 160,000. Vipepeo kati yao ni kama 18,000 hivi, maana yake karibu tisa katika kila kumi ni nondo. Nymphalidae peke yao ni kama 6,000, Lycaenidae zaidi ya 5,000, na Papilionidae, hawa wakubwa wanaopendwa na kila mtu, ni mia tano na kitu tu. Afrika kusini mwa Sahara ina zaidi ya 4,000, na Kongo yetu ni miongoni mwa nchi zenye wengi kuliko zote barani. Si jambo la kushangaza ukitazama ramani. Tuna msitu wa bonde, tuna miombo ya Katanga, na tuna milima. Hifadhi ya Kahuzi-Biega hapo juu yetu inaanzia kwenye msitu wa chini, kama mita 600 juu ya bahari, na kupanda hadi kilele cha Kahuzi, mita 3,308. Kila ukipanda, mimea inabadilika, na viwavi wanabadilika nayo. Ndiyo maana katika misitu ya milima ya Kivu, Rwanda, Burundi na kusini magharibi mwa Uganda yuko Papilio leucotaenia, mweusi mwenye mkanda mweupe wa maziwa, aliyepewa jina na Walter Rothschild mwaka 1908, na ambaye hapatikani kokote nje ya milima hii. Naye Papilio antimachus, mkubwa kuliko vipepeo wote wa Afrika, ambaye mabawa yake yaliyotandazwa yanaweza kupita sentimita 20, ni wa misitu ya mvua ya Afrika ya magharibi na ya kati. Madume hushuka kunywa kwenye tope. Majike hukaa juu kwenye vilele vya miti, na ni vigumu sana kuwaona.

Hesabu hizi bado zinasogea, na zinasogea kwa njia mbili. Wakati mwingine majina mawili yanageuka kuwa mnyama mmoja, kama alivyoona Trimen. Precis octavia ni mfano mwingine: wa masika ni wa rangi ya chungwa iliyoiva, wa kiangazi ni buluu iliyokolea, na tofauti inaletwa na joto alilolipata akiwa kiwavi. Ukimwonyesha mtu wa Lubumbashi wote wawili ubaoni, atakuapia kwamba hawana undugu. Wakati mwingine ni kinyume, jina moja linaficha wengi. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Kanada alipendekeza kusoma kipande kifupi cha DNA, herufi kama 650, kiwe kitambulisho cha kila spishi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walikitumia kwa kipepeo wa Costa Rica aliyeitwa Astraptes fulgerator, wa familia ya Hesperiidae. Waliokomaa walifanana. Viwavi wao walitofautiana kwa rangi na kwa mimea waliyokula, na DNA ikasema wako spishi kumi.

Kwa kazi ya shule, nashauri hivi. Zungumza na mwalimu kwa heshima, umwambie kijana angependa kupanga kwa miguu, vipapasio na chakula cha kiwavi, na rangi iandikwe pembeni kama maelezo. Nadhani atakubali, ni mwalimu mzuri anayewatoa watoto nje kutazama wadudu. Asiue vipepeo. Picha zinatosha, na ndani ya Kahuzi-Biega hairuhusiwi kuchukua mdudu bila kibali cha ICCN, taasisi inayosimamia hifadhi za Kongo.

Kisha amlee mmoja. Achukue kiwavi mmoja wa mlimau pamoja na tawi lake, amweke ndani ya ndoo au chupa pana, afunike kwa kipande cha chandarua, abadilishe majani kila siku, na asiweke jani lililopuliziwa dawa. Aandike tarehe. Siku moja kiwavi ataacha kula, atatangatanga, kisha atajifunga kijitini kwa uzi mmoja kiunoni, kama mwanamke aliyefunga mtoto mgongoni, kichwa juu. Bundo la Nymphalidae, kwa kulinganisha, huning'inia kichwa chini. Hilo nalo alichore. Baada ya wiki mbili au zaidi, mara nyingi asubuhi, ganda litapasuka na atatoka mdudu mwenye mabawa madogo yaliyokunjamana kama kitambaa kilicholowa. Asimguse. Mdudu atapanda juu, atajishika, na mabawa yatajaa taratibu mpaka yanyooke. Akiwa bado anayakausha, na hawezi kukimbia, mwambie kijana apige magoti, ahesabu miguu, na anitumie picha.